Transfoma ya 11 kV: upande wa volti ya juu nisuke kwa waya gani?

KoiliKisumu:

Wakuu, habari za kazi. Karakana yetu hapa Kisumu ina transfoma ya kVA 100 ya mwenye kinu cha mpunga Ahero. Ni mali yake mwenyewe, mita iko upande wa 11 kV, kwa hiyo ukarabati si wa Kenya Power. Koili ya volti ya juu ya fezi ya kati imeungua, na upande wa volti ya chini uko salama.

Kibao kinasema 11000/433 V, Dyn11 (upande wa juu umeungwa delta, yaani pembetatu, na wa chini nyota), ampia 5.25 kwa 133.3, impidansi asilimia 4.5. Nilipofungua koili nimepata hivi: kila fezi ina vipande 4 vilivyopangwa wima, kila kipande mizunguko 647, jumla 2588 tepu (nafasi ya swichi ya kurekebisha volti) ikiwa ya juu kabisa. Kila safu ina mizunguko 45, safu 15, na kati ya safu na safu kuna karatasi mbili za mm 0.08. Waya ni wa mviringo, wa shaba, wenye enameli. Mikromita inasoma mm 1.31 na enameli yake, mm 1.22 nikiikwangua. Upande wa chini una mizunguko 56.

Nimepata nyaya nne za kuchagua:

1. Shaba mm 1.25, enameli gredi 2 (nene kuliko gredi 1), daraja la joto 200 (nyuzi za Selsiasi).
2. Shaba "geji 18" yenye enameli ya poliyurethani. Muuzaji anausifu kwamba unaungika kwa risasi bila kukwanguliwa.
3. Shaba mm 1.18 iliyovikwa karatasi.
4. Alumini mm 1.25 ya enameli, bei yake iko chini sana.

Maswali yangu: upi unafaa? Nikitumia ule wa daraja 200, naweza kumpa mteja kVA 125 kama anavyoomba? Na je, nisuke fezi moja au zote tatu?

---

Msukaji_Nakuru:

Mkuu, umefanya la maana kuhesabu kabla ya kukata. Wengi hukata kwanza halafu wanabaki kukisia.

Anza na ampia za ndani ya koili. Zile 5.25 za kibao ni za laini. Upande wa juu umeungwa delta, hivyo ndani ya koili inapita 100000 ÷ 3 ÷ 11000, yaani ampia 3.03. Anayechagua waya kwa 5.25 ananunua shaba nene isiyoingia kwenye nafasi.

Waya wa zamani wa mm 1.22 ni geji 18 ya Kiingereza, SWG, yenye mm 1.219. Eneo lake ni mm² 1.167, na 3.03 ukigawa kwa hiyo unapata ampia 2.6 kwa kila mm². Transfoma za mafuta za kusambaza stima kwa kawaida huendesha shaba kati ya 2.2 na 3, kwa hiyo aliyeibuni hakubahatisha. Kazi yako ni kurudisha alichokiweka.

Sasa nyaya zako.

Alumini iondoe mezani. Ukinzani wake ni karibu mara 1.64 ya shaba kwa eneo lilelile. Ili mm 1.22 ya shaba ipate mbadala wa alumini unahitaji mm 1.56, na hiyo haitaingia. Ukiweka alumini ya mm 1.25 jinsi ilivyo, ukinzani wa upande wa juu unapanda mara 1.56. Nikikadiria mzunguko mmoja kuwa na urefu wa wastani wa mm 730, koili zako tatu za shaba zinatoa joto la wati 890 hivi kwa mzigo kamili. Kwa alumini hiyo zinafika karibu 1390. Zile wati 500 za ziada tanki na mapezi yake hayakupimiwa kuzibeba.

Shaba ya mm 1.18 yenye karatasi inakuangusha mara mbili. Eneo lake ni mm² 1.094, hivyo upotevu wa upande wa juu unaongezeka asilimia 6.7. Pili, karatasi inakula nafasi. Ikiwa kivazi kinaongeza mm 0.25 tu, waya unafika 1.43, na kwenye kimo chako cha mm 59 unapanga mizunguko 41 badala ya 45. Unaenda safu 16, na unene wa koili unaongezeka zaidi ya mm 3 kila upande. Koili mbili za jirani zinasogeleana zaidi ya mm 6, na nafasi hiyo ndiyo kinga kati ya fezi na fezi. Waya wa karatasi ni mzuri sana, lakini kwa koili iliyobuniwa kwa karatasi tangu mwanzo. Pale upande wa chini, kwenye mikanda ya shaba ya mstatili, ndipo mahali pake.

Inabaki mm 1.25 au geji 18. Ukipata geji 18 gredi 2 yenye enameli inayofaa kwenye mafuta, chukua hiyo bila kufikiri mara mbili. La sivyo mm 1.25 itafanya kazi, lakini fanya hesabu ya safu kwanza. Kwa nje inakuja mm 1.34 au zaidi kidogo. Mizunguko 44 kwa safu 15 ni 660, na 647 yako inaingia. Mizunguko 43 kwa safu 15 ni 645, imepungua miwili, na hiyo miwili inakuzalia safu ya 16. Unaona jinsi pembezoni palivyo pembamba. Usiamini karatasi ya muuzaji: sokota mizunguko 20 ikibanana kwenye bomba, pima urefu kwa kaliper, gawa kwa 20, halafu uzidishe kwa 44 na uongeze nafasi ya mzunguko mmoja wa kuvukia. Kama haitoshi mm 59, rudi kutafuta geji 18.

Usipunguze mizunguko ili itoshe. Uvumilivu wa uwiano kwenye IEC 60076-1, kiwango cha kimataifa cha transfoma, ni asilimia 0.5, au sehemu ya kumi ya impidansi ikiwa hiyo ni ndogo zaidi. Kwako ni 0.45, yaani mizunguko 11 kati ya 2464 ya tepu ya kati. Huo ni uvumilivu wa kupimia kazi iliyokamilika. Ukisuka, lenga kosa la sifuri.

---

KaratasiNaMafuta:

Naongeza kuhusu enameli, kwa sababu hapo ndipo transfoma nyingi zilizosukwa upya hufia.

Poliyurethani, namba 2 kwenye orodha yako, acha kabisa. Sababu inayomfanya muuzaji aisifu ndiyo sababu ya kuikataa: inaungika bila kukwanguliwa kwa kuwa enameli yake huvunjika kwa joto la chombo cha kuungia. Imetengenezwa kwa koili ndogo za rilei na vifaa vya elektroniki, ambako fundi anahitaji kuunga haraka. Koili inayobanwa, kupashwa moto na kutikiswa na shoti za laini inahitaji enameli inayostahimili kubonyezwa ikiwa ya moto.

Kwa mafuta, enameli ya jadi ni polivainili fomali. Kwenye viwango vya IEC itafute kama 60317-12, daraja 120. Daraja hilo linaonekana dogo ukililinganisha na 200, lakini inavumilia vizuri mafuta ya moto yenye unyevunyevu kidogo. Poliesta ya kawaida haivumilii hivyo. Ndani ya tanki lililofungwa, maji yanayotoka kwenye karatasi yakikutana na joto huanza kuivunja polepole, inakuwa ngumu na kupasuka.

Ule wako wa daraja 200, kama ni poliesta-imidi iliyopakwa poliamidi-imidi juu, yaani IEC 60317-13, unakubalika kwenye mafuta ukikausha koili ipasavyo. Mwombe muuzaji namba ya IEC iliyoandikwa kwenye kibandiko cha dramu. Neno "daraja 200" peke yake halikwambii enameli imetengenezwa na nini.

Kuhusu kVA 125: hapana, na mteja aelezwe vizuri kwa nini. Daraja la waya ni kikomo cha enameli tu. Kwenye transfoma ya mafuta kinachoamua umri ni karatasi na mafuta. Karatasi ya krafti ya kawaida huzeeka kwa mwendo wake wa kawaida sehemu yenye joto zaidi ikiwa nyuzi 98 za Selsiasi, na kila nyuzi 6 zaidi zinaongeza mwendo huo maradufu. Ukiendesha 116 karatasi inazeeka mara 8. Mzigo wa 125 unaongeza upotevu wa shaba hadi mara 1.56, na tanki ni lilelile. Hata karatasi iliyoboreshwa, inayohesabiwa nyuzi 110, haisaidii ikiwa umeiweka upande wa juu pekee na upande wa chini umebaki na karatasi ya zamani.

Mawili mengine ninayoyaona sana kwenye karakana za mota zinazopokea transfoma. Tepu ya plastiki ya PVC isiingie ndani ya tanki. Mafuta ya moto huvuta vilainishi vyake, tepu inakuwa ngumu na mafuta yanachafuka. Tumia tepu ya pamba na karatasi ya krepu. Pili, vanishi ya mota ya kukauka kwa hewa usiipake kwenye koili hizi. Nyingine huyeyuka ndani ya mafuta, na hata isiyoyeyuka huziba njia ambazo mafuta yangepenya kati ya safu. Ukitaka koili ishikamane, tumia karatasi yenye vidoti vya gundi, ile inayogandana koili ikiwa kwenye oveni.

---

Geji_na_Mizani, Kakamega:

Kabla hujalipa, jaribu waya dukani au uombe mita 15 za sampuli.

Kwanza hakikisha geji ni ya nani. Geji 18 ya Kiingereza ni mm 1.219. Geji 18 ya Kimarekani, AWG, ni mm 1.024, eneo mm² 0.823. Ukiuziwa hiyo, msongamano unaruka hadi ampia 3.68 kwa mm² na transfoma haitakaa. Dramu nyingi zimeandikwa "18" tupu. Pima kwa mikromita, si kwa sahani ya geji yenye mashimo, maana enameli inadanganya sahani.

Pili, mizani. Mita 10 za geji 18 ya shaba safi zina uzito wa gramu 104, ukiacha enameli. Ukipata gramu 40 hivi mkononi una alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa macho huwezi kuitofautisha, hata ukiikwangua kidogo inang'aa nyekundu. Ikate kwa koleo na utazame uso wa mkato kwa lenzi: kiini cheupe kinaonekana.

Tatu, ukinzani. Pitisha ampia 5 kutoka kwa betri kupitia mita 10, na upime volti kwa vishikio tofauti na vile vinavyopitisha ampia, la sivyo unapima viungo badala ya waya. Kwa joto la nyuzi 30, ambalo Kisumu ni la kawaida, shaba ya geji 18 inatoa karibu volti 0.77. Ukiona 0.85 au zaidi, shaba si safi au kipenyo si hicho.

Nne, mashimo ya enameli. Chovya mita kadhaa kwenye maji ya chumvi kidogo, ncha zote mbili zikibaki nje. Waya uwe kwenye hasi ya betri ya volti 12, chanya iwe kwenye bamba la chuma majini. Viputo vinavyotoka mahali pamoja kwa mfululizo ni shimo. Rudia na kipande ulichokivuta kikarefuka kidogo, kisha ukakizungusha kwenye fimbo yenye unene wa waya wenyewe. Enameli nzuri haipasuki. Iliyokaa stoo muda mrefu kwenye joto hupasuka hapo hapo.

Kiasi cha kuagiza: kwa mzunguko wa mm 730 aliotaja Msukaji, fezi moja ni mita 1889, kilo 19.6. Tatu ni kilo 59, agiza 63 hadi 65. Kipande kimoja kinakula kilo 4.9. Dramu ya kilo 20 inakupa vipande 4 kwa shida, ukiharibu mita chache cha nne hakitoshi. Dramu ya kilo 25 inatoa 4 kwa raha. Uliza saizi ya dramu kabla ya kuagiza, kwa sababu kiungo katikati ya kipande ni kitu cha kuepukwa.

---

KoiliKisumu:

Asanteni sana. Nimepima: mm 1.25 inakuja mm 1.34 kwa nje, na mizunguko 20 iliyobanana imetoa mm 26.9. Kibandiko kinasema IEC 60317-13. Mizani imekubali. Geji 18 ya enameli nzuri bado sijaipata.

Sijajibiwa la fezi moja au tatu. Na kuungua kwenyewe kumeanzia kipande cha juu kabisa, safu mbili za nje karibu na waya unaoenda kwenye bushingi (kizio kinachotoa waya nje ya tanki). Vipande vya katikati havijaguswa.

---

Stima_Luanda:

Mimi ningesuka fezi moja. Upande wa chini ni mzima, fezi mbili za pembeni ni nzima, kwa nini ununue kilo 65 za shaba wakati 21 zinatosha? Chukua karatasi kutoka kwenye koili nzima, kipande kidogo pale kwenye ncha, uikunje katikati ubonyeze kwa kidole. Ikikunjika kama karatasi, bado ina uhai. Ikikatika kama jani kavu, hapo ndipo unasuka zote.

---

Msukaji_Nakuru:

Jaribio la kukunja ni sahihi na ningeanza nalo. Lakini Luanda, kuna sharti moja: ukisuka fezi moja, geji iwe ileile ya zamani, au angalau kimo cha koili kiwe kilekile kabisa. Kitovu cha koili ya juu lazima kilingane na kitovu cha koili ya chini. Zikipishana hata kwa mm chache, shoti ya nje inazaa nguvu ya kusukuma koili juu au chini, na koili iliyosukwa upya ndiyo huteleza. Kwa mm 1.25 na mm 26.9 kwa mizunguko 20, safu ya 44 ni mm 59.2, ukiongeza nafasi ya kuvukia unakaribia 60.5. Vipande vinne vinakuwa virefu kwa mm 6 kuliko vya zamani. Punguza vibanzi vya kutenganisha vipande kwa mm 2 kila kimoja ikiwa vina mm 8 au zaidi, usiende chini ya mm 6. Vikiwa vyembamba kuliko hapo, tafuta geji 18 na usubiri.

Pia ukinzani wa fezi utatofautiana. Koili mpya ya mm 1.25 itasoma chini kwa asilimia 5 hivi. Kazi haitaharibika kwa hilo, ila liandike kwenye ripoti ya mteja, la sivyo atakayepima mwaka ujao atadhani zile mbili zina kasoro.

Mahali palipoungua panasema mengi. Safu za mwisho za kipande kinachopokea laini, katikati salama: hiyo ni dalili ya radi. Wimbi la radi halijigawi sawasawa kwenye koili. Mwanzoni kabisa mizunguko ya ncha ya laini ndiyo hubeba sehemu kubwa, kabla mengine hayajapata chochote. Kwa stima ya kawaida kila safu yako ina volti 201, na mahali pabaya zaidi kati ya safu mbili ni 402, ambazo karatasi mbili za mm 0.08 zinazicheka. Lakini transfoma ya daraja hili kwa kawaida hupimwa kwa mdundo (wimbi la ghafla la kuiga radi) wa 75 kV, na kipande cha kwanza hubeba zaidi sana ya robo yake.

Kwa hiyo kwenye vipande vya juu na vya chini, safu mbili zilizo upande wa laini ziwekee karatasi 4 badala ya 2. Inaongeza mm 0.3 hivi tu. Katika delta ncha zote mbili za koili ni za laini, usiimarishe upande mmoja ukasahau wa pili. Kama kwenye koili ya zamani kuna uimarishaji mwingine wa ncha, uurudishe kama ulivyo. Karatasi ya kati ya safu ipite ukingo wa waya pande zote mbili kwa kiasi kilekile ulichokipima, kwa sababu umeme hutambaa ukingoni kabla haujatoboa katikati.

Mvuto wa waya uwe sawa na uzito wa kilo 4 hadi 5. Zaidi ya hapo shaba laini inarefuka na kipenyo kinapungua bila wewe kujua, kwa hiyo pima kwa mikromita kila unapomaliza kipande. Viungo vya nje ya kipande uchomelee kwa fimbo ya shaba na fosforasi, si risasi laini. Lainisha kwa msasa hadi usihisi ncha kwa kidole, halafu uzungushe krepu kila raundi ikifunika nusu ya iliyotangulia.

Na huko Ahero, kabla transfoma haijarudi kwenye nguzo, kagua vizuizi vya radi. Waya unaotoka kwenye kizuizi kwenda kwenye tanki na ardhini uwe mfupi kadiri inavyowezekana: kila mita moja inaweza kuongeza kilovolti 10 juu ya kizuizi mkondo wa radi ukipanda kwa kiloampia 10 kwa mikrosekunde. Kizuizi kilicho mbali kwenye nguzo ya jirani hakiilindi transfoma yako. Ukinzani wa ardhi upime, lenga ohmu 10 au chini. Ukanda huu wa ziwa una radi nyingi mno mtu kuacha hilo.

---

Molo_33:

Nidandie hapa hapa. Yetu ni kVA 50, 33/0.433 kV, Dyn11, iko Molo. Kanuni ni ileile?

---

Msukaji_Nakuru:

Kanuni ni ileile, tabu ni nyingine. Ampia za koili ni 50000 ÷ 3 ÷ 33000, yaani 0.505. Kwa msongamano wa ampia 2.57 kwa mm² unapata waya wa mm 0.5 tu, na mizunguko inazidi 10000 kwa fezi. Waya mwembamba hivyo hukatika mikononi, na kiungo kimoja kilichofichwa ndani kinaua kazi yote. Angalia waya wa zamani una kipenyo gani. Ukikuta ni mnene kuliko hesabu ya ampia inavyodai, mbunifu aliongeza kwa ajili ya nguvu ya waya, usiupunguze. Mvuto uwe chini ya kilo 1. Gredi 2 ni lazima, wala usikubali gredi 1 hata muuzaji akiapa.

Vipande pia vitakuwa vingi kuliko vya 11 kV. Usiviunganishe ili kupunguza kazi. Vipande vingi vinashusha volti kati ya safu, na jaribio la mdundo kwa 33 kV kwa kawaida ni 170.

---

KaratasiNaMafuta:

KoiliKisumu, kukausha. Oveni nyuzi 105, na upime megga (ukinzani wa kinga) kila baada ya saa 4. Ukinzani utashuka kwanza koili ikipata joto, kisha utapanda, kisha utatulia. Ukipata vipimo vitatu au vinne vinavyolingana, karatasi imekauka. Usitumie saa peke yake kuamua. Ikitoka, kaza vibanio tena kwa sababu karatasi husinyaa, kisha iingie kwenye mafuta siku hiyohiyo. Koili kavu ikikaa nje usiku mmoja na hewa ya Kisumu, kazi ya oveni imepotea. Mafuta yapimwe kwa pengo la mm 2.5: yakiwa chini ya 50 kV yachuje na kuyakausha tena.

Mafuta ya zamani yakiwa ya transfoma nzee, yapime PCB (kemikali ya sumu iliyokuwa ikitumika kwenye mafuta ya zamani) kabla ya kuyagusa kwa mikono mitupu, na yasitoke karakana kwenda kwa mtu yeyote. Kuna watu huyatafuta kwa ajili ya kukaangia chakula. Shaba ya zamani nayo iuziwe mwenye leseni chini ya sheria ya vyuma chakavu ya 2015, na barua ya mwenye transfoma iandamane nayo.

---

Geji_na_Mizani, Kakamega:

Jaribio la uwiano kabla ya kufunga kifuniko: tepu iwe ya kati, weka 415 V za fezi tatu upande wa juu, upande wa chini usome volti 16.3 kati ya laini na laini, fezi zote zikilingana. Sogeza swichi hatua moja moja: kwenye tepu ya mizunguko 2588 utasoma 15.6, kwenye ile ya 2340 utasoma 17.2. Ikikataa kufuata mpangilio huo, waya wa tepu umeungwa mahali pasipo pake.

Na tafadhali, hizo 415 V zisiingizwe upande wa chini kwa bahati mbaya. Upande wa juu utatoa zaidi ya kilovolti 10 mbele ya watu walioinamia koili. Weka kamba kuzunguka meza, mtu mmoja tu ashike swichi.

---

KoiliKisumu:

Karatasi za fezi za pembeni zimekatika kama jani kavu, pande zote mbili. Ninasuka tatu, na vibanzi vyangu vina mm 8, kwa hiyo mm 1.25 inaingia. Dramu tatu za kilo 25. Nitaweka hapa vipimo vya uwiano na megga kazi ikikamilika.